Bastola yenye mkwaruzo: Kasoro iko nje au ndani?

WAHENGA hawakukosea waliposema kuwa rahisi ni ghali. Wengi wetu tulijifunza methali hiyo shuleni, tukaiandikia insha, tukapewa alama zetu, kisha tukaelekea zetu Gikomba kununua pasi ya umeme ya mtumba. Mimi nilinunua moja iliyokuwa na ufa mdogo kwenye mpini. Muuzaji aliniapia kwamba ufa huo ni wa sura tu. Siku ya tatu pasi hiyo ilinipiga shoti nikaketi sakafuni bila kupenda, shati likiungua mbele yangu.

Pasi hiyo niliikumbuka majuzi, shangazi yangu anayeishi mtaa wa Umoja aliponipigia simu usiku. Kitinda mimba wake anasoma chuoni Texas, Marekani. Nyumba jirani na anamokaa ilikuwa imevunjwa na wezi, na kijana hakuwa akipata usingizi.

"Mwanangu," shangazi aliniambia, "huyu mdogo wako ameniomba pesa anunue bastola. Ati iko moja dukani, mpya kabisa, imepunguzwa bei kwa sababu ina mkwaruzo. Dola 130. Wewe ni mwandishi, hebu niambie. Bastola nayo huuzwa rijekti kama viatu?"

Nilitaka kucheka lakini nikajizuia. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Na kwa kuwa ninajua, msomaji, kwamba nyumba nyingi za mji huu zina mtoto, ndugu au mpwa huko Marekani, nimeona heri jibu nililompa shangazi nikupe na wewe.

Rijekti ya namna gani?

Ndiyo, bastola huuzwa rijekti. Marekani ni nchi ambamo bastola huwekwa kwenye kabati la kioo dukani kama saa za mkononi zinavyowekwa hapa kwetu, na penye duka pana punguzo. Lakini bastola ya bei ya chini si kitu kimoja. Ziko aina nne, na anayezichanganya ndiye anayeumia.

Aina ya kwanza ndiyo hiyo ya mkwaruzo. Kiwandani, bastola ikitoka na rangi isiyolingana, alama ya kifaa mahali isipotakiwa au nembo iliyopigwa upande, haitumwi dukani kwa bei kamili. Hutengwa na kuuzwa kwa punguzo, na muuzaji mwaminifu huandika wazi kwamba ina dosari ya sura. Wakati mwingine bastola yenyewe haina lolote ila sanduku lake limeraruka, au kasha la pili la risasi limekosekana.

Aina ya pili ni mitumba ya polisi. Idara za polisi za Marekani hubadilisha silaha zao kila baada ya miaka kadhaa. Zile za zamani hurudishwa kwa mfanyabiashara, naye huziuza kwa raia. FBI ilipotangaza mwaka wa 2015 kwamba inarudi kwenye risasi ya milimita 9 na kuacha ile ya .40, idara nyingi ziliifuata, na Glock zilizotumika zikajaa madukani. Bastola kama hiyo huwa imechubuka ubavuni kwa kuingizwa na kutolewa kwenye mkoba wa kiunoni kila siku, lakini mara nyingi haikufyatuliwa sana. Aghalabu askari hubeba bastola miaka mingi na kuifyatua katika mazoezi peke yake. Wajuzi wengi watakuambia kwamba mwenye pesa kidogo afadhali achubuke hapo.

Aina ya tatu ni bastola iliyoundwa iwe ya bei ya chini tangu mwanzo. Mfano maarufu ni Hi-Point, inayotengenezwa jimbo la Ohio, ambayo kwa miaka mingi imeuzwa chini ya dola 200 ikiwa mpya.

Aina ya nne ni kongwe za dukani kwa mweka rehani, zilizotengenezwa na kampuni ambazo nyingi zilikwisha kufa. Hapo ndipo penye kisa, na nitakirudia.

Mabati na bastola

Kwa nini bastola moja igharimu dola 150 na nyingine 600, ilhali zote hutupa risasi ile ile? Jibu ni chuma.

Bastola ya bei ya juu huchongwa kutoka kwa chuma cha pua. Kazi hiyo huchukua muda, mashine na mafundi. Ile ya bei ya chini, sehemu yake kubwa ni ya mchanganyiko wa zinki. Zinki unaijua: ndiyo inayopakwa mabati ya nyumba yako yasishike kutu. Mchanganyiko huo huyeyuka kabla ya kufika nyuzijoto 400 za Selsiasi, humiminwa katika kalibu kama uji katika bakuli, na baada ya muda mfupi sehemu imekuwa tayari. Hauna nguvu za chuma cha pua, kwa hivyo mtengenezaji hufidia kwa kuufanya mnene. Ndiyo maana Hi-Point ni nzito juu na ina sura ya tofali. Uzito huo una kazi yake: kila risasi inapotoka, sehemu ya juu ya bastola hurudi nyuma, na katika bastola hii hakuna kinachoizuia ila uzito wake na springi.

Sitakudanganya kwamba kila kitu cha zinki ni kibovu. Hi-Point huchekwa na wenye pesa, lakini kampuni huitengeneza bure ikiharibika, hata kama wewe ni mnunuzi wa tatu. Mtutu wake ni wa chuma cha pua. Wapo walinzi na wahudumu wa mikahawa walioishi nayo miaka bila malalamiko. Umaskini si kosa, na bastola ya maskini si lazima iwe takataka.

Wabunge wa majimbo kadhaa hawakukubaliana na maneno hayo. Illinois na Minnesota zilipitisha sheria za kupima bastola kwa moto: chuma kikiyeyuka chini ya kiwango fulani, bastola hiyo isiuzwe na mfanyabiashara. Illinois iliweka kiwango chake kwenye nyuzijoto 800 za Farenhaiti, yaani takriban 427 za Selsiasi. Bila shaka hakuna mtu anayepika bastola yake. Kipimo hicho kilikuwa njia ya kuiondoa zinki sokoni bila kuitaja kwa jina.

Jina la Jumamosi usiku

Wamarekani waliziita bastola ndogo za bei ya chini kwa jina la Jumamosi usiku, yaani wakati wa ulevi na ugomvi. Ubishi juu yake ni wa zamani. Mwaka wa 1879 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku uuzaji wa bastola zote isipokuwa zile za jeshi la nchi kavu na la majini, ambazo zilikuwa ghali. Wanahistoria wengi wanaona kwamba walengwa hasa walikuwa watu weusi waliotoka utumwani si miaka mingi kabla yake, ambao hawangeweza kumudu bei hiyo. Kwa hivyo ukimsikia Mmarekani mweusi akitetea haki ya kununua bastola ya bei nafuu, usimwone mtu wa ajabu. Anayo historia mgongoni.

Baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy mwaka wa 1968, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyozuia bastola ndogo za kigeni kuingizwa nchini. Lakini sheria ilizuia bastola nzima, haikuzuia vipuri. Kampuni ya Röhm ya Ujerumani ilituma vipuri, vikaunganishwa Miami. Bastola moja ya aina hiyo ilinunuliwa kwa mweka rehani mjini Dallas, na tarehe 30 Machi 1981 John Hinckley aliitumia kumpiga risasi Rais Ronald Reagan. Reagan alipona. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani akabaki kwenye kiti cha magurudumu, na sheria ya mwaka wa 1993 ya kuchunguza wanunuzi wa silaha ikapewa jina lake.

Pengo lililoachwa na bastola za kigeni lilijazwa na viwanda vilivyozuka karibu na Los Angeles. George Jennings alianzisha Raven Arms mwaka wa 1970, na ndugu, jamaa na washirika wakafungua vyao: Jennings, Bryco, Davis, Lorcin, Phoenix. Daktari na mtafiti Garen Wintemute wa Chuo Kikuu cha California aliandika juu yao mwaka wa 1994 na kuviita pete ya moto. Wakati huo viwanda hivyo vichache vilikuwa vikitengeneza sehemu kubwa ya bastola ndogo za Marekani.

Kasoro isiyoonekana

Sasa turudi kwenye kile kisa, msomaji. Ukiwa na watoto nyumbani, soma polepole.

Mwezi wa Aprili 1994, katika mji mdogo wa Willits huko California, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akiwaangalia watoto aliamua kuitoa risasi bastola ya nyumba hiyo ili isimdhuru mtu. Ilikuwa Bryco ya .380. Bastola hiyo iliundwa kwa namna ambayo huwezi kuvuta sehemu ya juu na kutoa risasi iliyomo ndani bila kwanza kukiachilia kile kidude kinachoizuia isifyatuke. Yaani, ili uifanye salama, sharti kwanza uiondolee usalama. Kijana akakiachilia. Risasi ikatoka. Mtoto wa miaka saba aliyekuwa karibu ilimpata kidevuni, na tangu siku hiyo hakuweza kusogeza mwili wake chini ya shingo.

Kesi ilipofika mbele ya mahakama mjini Oakland mwaka wa 2003, baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba umbo la bastola lilikuwa na kasoro. Walielezwa kwamba kidude hicho kilikuwa kimebadilishwa na kampuni kwa sababu bastola ilikuwa ikikwama. Kampuni na mwenyewe walitakiwa kulipa zaidi ya dola milioni 20. Badala ya kulipa, Bryco ilitangaza kuwa imefilisika. Mwaka wa 2004 mali ya kiwanda ilipigwa mnada. Yule mtoto, sasa kijana wa miaka 17 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alichangiwa pesa ili ainunue mitambo hiyo na kuiharibu. Alishindwa kwa tofauti ndogo. Aliyekuwa msimamizi wa kiwanda, Paul Jimenez, alitoa dola 510,000, akaendelea kutengeneza bastola zilizofanana na zile zile kwa jina lake hadi kampuni hiyo nayo ilipofilisika mwaka wa 2020.

Hebu niulize: bastola ile ya Willits ilikuwa na mkwaruzo? Huenda ilikuwa iking'aa. Kasoro iliyommaliza mtoto haikuwa ya kuonekana kwa macho.

Wala si bastola za zinki tu. Kampuni ya Taurus ya Brazil, ambayo bastola zake zimependwa na wenye kipato cha wastani, ilikubali mwaka wa 2015 kusuluhisha kesi iliyohusu karibu bastola milioni moja za aina tisa, zilizodaiwa kuweza kufyatuka zinapoanguka chini. Na hapa kuna jambo litakaloshangaza mama yeyote. Marekani ina tume ya kulinda wanunuzi wa bidhaa, iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Tume hiyo inaweza kuamuru mwanasesere arudishwe dukani kwa kuwa jicho lake linang'oka na mtoto anaweza kulimeza. Juu ya bastola haina mamlaka. Sheria iliiondolea.

Majimbo machache yalijaribu kuziba pengo hilo. California, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka wa 2001, ilitaka kila aina ya bastola mpya iangushwe kutoka urefu wa mita moja bila kufyatuka, na ifyatuliwe risasi 600 kwa majaribio kabla ya kuruhusiwa dukani. Texas haina jaribio kama hilo. Mnunuzi anajitegemea.

Hesabu ya shangazi

Shangazi alitaka kujua kama dola 130 ni bei nzuri. Tukafanya hesabu pamoja kwenye simu. Dola 130 ni kama Sh16,800 kwa pesa zetu. Lakini bastola inayouzwa kwa tangazo haiji mlangoni kwako. Sharti itumwe kwa mfanyabiashara mwenye leseni, naye hutoza ada yake. Kuna nauli ya kuisafirisha na kuna kodi. Kuna risasi za kujifunzia, kwani bastola isiyofanyiwa mazoezi ni hatari kwa mwenyewe kuliko kwa mwizi. Sheria ya 2005 inamtaka mwenye duka aambatanishe kufuli au kifaa cha kuifungia, lakini nyumba yenye watoto inahitaji sanduku la chuma. Ukijumlisha yote, punguzo la mkwaruzo limemezwa kabla hujapiga hatua tatu.

Anayenunua kihalali na akaona lazima anunue ya bei nafuu, wajuzi humshauri hivi. Aulize dosari imeandikwaje, na kama dhamana ya kiwanda ingali hai. Aangalie nambari ya usajili: iliyofutwa ni kosa la jinai, wala si mkwaruzo. Asinunue kongwe ya kampuni iliyokufa, kwa maana ikiharibika hakuna wa kumwendea. Aulize kama aina hiyo iliwahi kuitwa irudishwe kiwandani. Na kabla ya yote, fundi wa silaha aikague ikiwa tupu. Mkwaruzo wa nje hauui mtu.

Karatasi kabla ya pesa

Hadi hapo shangazi alikuwa ameanza kutulia. Nikamuuliza swali moja: mwanawe yuko kule kwa viza gani? Ya mwanafunzi, akanijibu.

Basi maneno yote ya mkwaruzo yakawa hayana maana. Sheria ya Marekani haimruhusu mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo ikiwemo, kununua wala kumiliki silaha au hata risasi, isipokuwa awe na ruhusa maalum inayotajwa na sheria, kama vile leseni halali ya uwindaji. Mkaazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani yuko katika fungu lingine. Mwanafunzi hayuko humo.

Shangazi akauliza, kama ambavyo wewe pengine umekwisha kuuliza moyoni: "Si rafiki yake mwenye karatasi amnunulie?" La hasha! Kumnunulia mtu asiyeruhusiwa ni kosa la shirikisho, na tangu sheria ya mwaka wa 2022 adhabu yake inaweza kufika miaka 15 jela. Rafiki angefungwa, na mwanafunzi angefungwa kisha arudishwe Nairobi bila shahada. Ada ya miaka mitatu, shamba lililouzwa, harambee zilizochangwa, vyote viende kwa bastola ya dola 130.

Na wale wenye ruhusa kule, msifikirie kurudi nayo likizoni ndani ya sanduku la nguo. Hapa Kenya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kutoka kwa bodi ya leseni kabla ya mtu kushika silaha, na anayekamatwa bila cheti hukabiliwa na kifungo kirefu. Uwanja wa ndege hauna kaunta ya punguzo.

Neno la mwisho

Shangazi alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Kwa hivyo mtoto wangu alale na hofu tu?"

Swali hilo halijibiwi kwa sheria. Hofu ya mtoto aliye peke yake ng'ambo ni ya kweli, na mzazi aliye mbali huihisi maradufu. Nilimwambia azitume zile pesa, lakini si kwa bastola. Kijana atafute mwenzake wa kukaa naye karibu na chuo, abadilishe kufuli za mlango, aweke taa nje. Nilimkumbusha pia jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia: zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa risasi Marekani hujiua wenyewe. Mwanafunzi asiyelala, aliye mbali na mamake, mwenye madeni na baridi, hapasi kuwekewa bastola chini ya mto, iwe na mkwaruzo au iwe inameremeta.

Wiki jana kijana alinipigia mwenyewe. Alikuwa na hasira kidogo, akaniambia nimemchongea kwa mamake. Nikakubali kosa langu. Tukazungumza muda mrefu, si juu ya bastola, bali juu ya usiku ule alipomsikia jirani akipiga kelele na yeye akashindwa kufungua mlango. Kumbe hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Mzazi, mtoto wako aliye ng'ambo akikuomba pesa za kitu kama hiki, usiulize bei kwanza. Muulize ni nini kilichotokea.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji, kaa salama.